Homa ya ini B: kwa nini kirusi hakitoki mwilini, na kwa nini mtoto achanjwe siku anapozaliwa

Mama, kama ulipimwa homa ya ini B kliniki na ukaambiwa kirusi unacho, huenda umewahi kuuliza swali ambalo mimi naulizwa karibu kila mwezi: "Nesi, nimemeza dawa mwaka mzima. Mbona nikipima bado kipo?"

Miaka yangu ya mwanzo kazini nilikuwa nalijibu kwa mkato. "Hii haiponi, we endelea na dawa." Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halimsaidii mtu. Mama anatoka getini akiwa amechanganyikiwa, na hapo nje anakutana na muuzaji wa dawa ya "kusafisha ini" ambaye yeye ana maelezo marefu na matamu, na chupa tatu za kuuza. Nimewaona waliouza kuku na hata kitenge kwa ajili ya hizo chupa. Nimewaona pia walioacha vidonge vya hospitali kwa sababu yake, wakarudi macho yakiwa ya njano.

Kwa hiyo leo nakupa maelezo marefu ya kweli. Yanaanzia kwenye umbo la kirusi chenyewe, maana shida yote iko pale. Usiogope, hakuna hesabu.

Maandishi yaliyo ndani ya kirusi

Umesikia habari za kipimo cha DNA, kile wanachopima watu wakibishania baba wa mtoto. DNA, au vinasaba, ni maelekezo yaliyo ndani ya kila chembe ndogo ya mwili wako, yaani seli. Yanasema macho yako yawe ya rangi gani, damu itengenezwe vipi, kidonda kipone vipi. Ukiweza kuyaona, ni nyuzi mbili ndefu zilizosokotana kama kamba, na kwenye kila uzi kuna "herufi" za kikemikali za aina nne tu, zinazorudiwa kwa mpangilio tofauti. Mpangilio huo ndio ujumbe. Maelekezo ya binadamu yana herufi kama bilioni 3.

Virusi navyo vina maelekezo, ila ya kwao ni mafupi, na si lazima yafanane na yetu kwa umbo. Kirusi cha surua hubeba uzi mmoja tu, tena si wa DNA bali wa RNA, ambayo ni ndugu yake DNA. Rota, kile kinachoharisha watoto wetu, hubeba RNA ya nyuzi mbili iliyokatwa vipande 11. Kila kirusi na mtindo wake.

Kirusi cha homa ya ini B kina mtindo wa ajabu kuliko vingi. Maelekezo yake yana herufi kama 3,200 tu. Ni mafupi hivyo kwamba kimelazimika kubana matumizi: kipande kilekile cha maandishi husomwa zaidi ya mara moja, kikianzwa herufi tofauti, na kila usomaji hutoa ujumbe mwingine. Nafasi haipotei hata kidogo.

Halafu umbo lake. Fikiria bangili iliyotengenezwa kwa nyuzi mbili. Uzi mmoja umezunguka duara lote, lakini ncha zake hazijafungwa, zimekutana tu. Uzi wa pili ni mfupi. Umeanza kuzunguka ukaishia njiani, ukaacha mwanya ambapo bangili ina uzi mmoja peke yake. Na kwenye ncha ya ule uzi mrefu bado imeng'ang'ania mashine ndogo iliyouandika, kama sindano iliyoachwa kwenye kitambaa. Kwa maneno mengine, kirusi hiki kinasafiri kwenye damu kikiwa na kazi ambayo haijaisha.

Wanasayansi walichukua muda kulijua hilo. Mwaka 1965 daktari wa Marekani, Baruch Blumberg, na wenzake walitangaza kitu kigeni walichokikuta kwenye damu ya mwenyeji wa asili wa Australia. Baadaye kikajulikana kuwa ni ganda la kirusi hiki, na Blumberg akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Mwaka 1970 kirusi kizima kikaonekana London kwa hadubini yenye nguvu. Miaka michache baadaye ndipo walipofungua ndani na kukuta hiyo bangili yenye mwanya.

Fundi wa mwili anaposhona nguo ya adui

Sasa fuatana nami polepole hapa, maana ndiyo sehemu inayojibu swali lako.

Seli za ini zina mlango wa kupitishia chumvi za nyongo, zile zinazosaidia kusaga mafuta ya chakula. Kirusi cha homa ya ini B kimejifunza kuutumia mlango huo. Watafiti wa Beijing ndio walioutambua, mwaka 2012. Kikishaingia, kinavua ganda lake, na ile bangili inapelekwa mpaka kwenye kiini cha seli, chumba ambamo vinasaba vyako mwenyewe vinatunzwa.

Ndani ya chumba hicho kuna mafundi. Kila siku vinasaba vyetu hupata mikwaruzo na kukatika hapa na pale, na mwili una vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kupita na kurekebisha: kujaza palipopungua, kufunga palipokatika. Bila wao tusingeishi. Lakini mafundi hawa hawaulizi nguo ni ya nani. Wakiona bangili yenye mwanya wanajua tu kwamba hapa pamechanika. Wanaing'oa ile mashine iliyong'ang'ania kwenye ncha, wanakamilisha uzi mfupi, wanafunga ncha zote.

Wakimaliza, bangili imekuwa nzima. Haina mwanya wala ncha ya kuanzia kuifumua. Inajisokota yenyewe, inaviringishwa kwenye protini zilezile zinazoshika vinasaba vyako, na inakaa humo ndani ikifanana na kitu cha nyumbani. Kwenye maandishi ya kitabibu wanaiita cccDNA. Sisi tuiite bangili iliyofungwa.

Kirusi cha UKIMWI, ambacho wengi mnakijua vizuri zaidi, hujichomeka ndani ya vinasaba vyetu ili kisifukuzwe. Hiki cha ini hakihitaji kufanya hivyo ili kidumu. Kimetulia pembeni, kwenye bangili yake, muda wote seli hiyo inapoishi, na seli za ini huishi muda mrefu.

Kutoka kwenye bangili hiyo seli inaanza kutoa nakala. Inatengeneza maganda, inatengeneza protini nyingine za kirusi, na inatengeneza nakala ndefu ya RNA ambayo inafungiwa ndani ya ganda jipya pamoja na mashine ya kuandika. Humo ndani mashine inafanya jambo lisilo la kawaida: inaisoma RNA na kuigeuza tena kuwa DNA. Inaandika uzi mrefu kwanza, kisha inaanza uzi wa pili. Kabla haujaisha, kirusi kinaondoka kwenda kutafuta seli nyingine. Ndiyo maana ule mwanya upo. Kinatoka nyumbani na nguo iliyoshonwa nusu, kwa sababu huko kinakokwenda fundi yupo, tena wa bure.

Vingine haviondoki kabisa. Vinarudishwa ndani ya kiini cha seli ileile na kuongeza idadi ya bangili.

Basi dawa inafanya nini?

Dawa inayotumika zaidi kwetu ni tenofovir. Inaibana ile mashine ya kuandika ili isiweze kuigeuza RNA kuwa DNA. Ukimeza kila siku, virusi vinavyomwagika kwenye damu hupungua sana, mara nyingi mpaka kipimo cha wingi wa virusi kisivione. Ini linapata nafuu, na makovu yanaweza hata kupungua. Hatari ya kupata saratani ya ini inashuka. Hayo si mambo madogo.

Lakini bangili iliyofungwa haina haja ya mashine ile ili iendelee kukaa. Imeshaandikwa, imeshafungwa. Dawa inafunga kiwanda, ila ramani ya kiwanda imebaki kwenye droo. Ukiacha vidonge kwa uamuzi wako, kiwanda kinafunguliwa tena, na wakati mwingine kwa kishindo: ini linavimba ghafla na mtu anaweza kupoteza maisha. Kama kuna sababu ya kuacha, na kwa baadhi ya watu ipo, aamue daktari huku anakupima.

Sasa kile kipimo kinachokuvunja moyo. Kipimo cha haraka tunachokufanyia kliniki, kile kinachoandikwa HBsAg kwenye kadi, hakihesabu virusi. Kinatafuta ganda. Na seli yenye bangili hutengeneza maganda matupu mengi mno kuliko virusi kamili, yanayoelea kwenye damu bila kitu ndani. Dawa haizuii maganda hayo. Kwa hiyo unaweza kuwa unameza vizuri, virusi havionekani kabisa, ini linapona, na HBsAg bado ikasoma chanya. Hiyo haina maana kwamba dawa imeshindwa. Ukitaka kujua dawa inafanya kazi, omba kipimo cha wingi wa virusi na vipimo vya kazi ya ini.

Si kila mwenye kirusi anahitaji vidonge. Wengine mwili wao unaikalisha bangili kimya kwa miaka mingi, na wachache huipoteza ile HBsAg kabisa. Wanachohitaji ni kufuatiliwa, maana kimya hicho kinaweza kukatika. Hata mtu aliyewahi kupona zamani anaweza kuwa na bangili chache zilizolala, na zikaamka akipewa dawa za saratani au dawa nyingine kali za kushusha kinga. Ukilazwa hospitali kwa ugonjwa mwingine, taja homa ya ini. Na kama unatumia ARV, nyingi zina tenofovir na lamivudine, zinazoshika virusi vyote viwili kwa pamoja. Wakitaka kukubadilishia ARV, wakumbushe kuhusu ini kabla hawajabadilisha.

Kuhusu zile chupa za getini: hakuna mti, unga wala juisi iliyothibitishwa kuitoa bangili iliyofungwa. Hata hospitali kubwa za dunia hazijawa na dawa ya kuitoa kwa uhakika. Watafiti wanajaribu njia za kuikata au kuinyamazisha, na naomba wafanikiwe, lakini hayo bado ni majaribio. Anayekwambia anayo kwenye chupa ya maji ya Kilimanjaro anakudanganya. Na baadhi ya hizo dawa zinaliumiza ini lilelile unalotaka kuliokoa.

Kwa mtoto mchanga

Haya ndiyo niliyotaka kukueleza tangu mwanzo.

Mtu mzima akiambukizwa homa ya ini B, mara nyingi mwili wake unashinda. Katika watu wazima 100 wenye afya, wasiofika 5 ndio wanaobaki na kirusi kwa kudumu. Mtoto anayeambukizwa wakati wa kuzaliwa ni kinyume kabisa: katika watoto 100, kama 90 watabaki nacho. Kirusi ni kilekile na bangili ni ileile. Tofauti ni kinga. Kwa mtu mzima, askari wa mwili wanazitambua seli za ini zenye kirusi na kuziondoa, na seli ikiondoka bangili yake inaondoka nayo. Kinga ya mtoto mchanga bado inajifunza nani ni wa nyumbani na nani mgeni. Inakikuta kirusi kipo tangu siku ya kwanza na inakihesabu kama mwenzao.

Mtoto huyo hataonyesha kitu. Hatakuwa na homa, wala hatakataa kunyonya, na macho yake hayatakuwa ya njano kwa sababu hiyo. (Kichanga mwenye macho ya njano mara nyingi ana sababu nyingine, lakini mlete hospitali siku hiyohiyo, usimwanike juani ukasubiri.) Atakua, atasoma, ataoa au kuolewa. Halafu akiwa na miaka 30 au 40 tumbo linajaa maji, anakonda, na ndugu wanasema amerogwa. Kwa miaka yote hiyo kinga yake ilikuwa ikishtuka mara kwa mara na kuzishambulia seli zenye kirusi, na kila shambulio liliacha kovu mpaka ini likasinyaa. Na ingawa nimesema kirusi hiki hakihitaji kujichomeka kwenye vinasaba vyetu, vipande vyake vingine vilivyonyooka, visivyofunga duara, huchomekwa kwa bahati mbaya. Ni moja ya sababu kwamba mwenye homa ya ini B anaweza kupata saratani ya ini hata kabla ini halijasinyaa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 254 wanaishi na kirusi hiki duniani, na kwamba milioni 1.1 walikufa kwa sababu yake mwaka huo. Wengi wa hao wanaoishi nacho walikipata wakiwa watoto.

Wakati wa kujifungua, mtoto anapita kwenye damu na majimaji ya mama. Kirusi kikishamwingia, kunakuwa na mashindano. Upande mmoja kinatafuta ini, ule mlango wa chumvi za nyongo, na fundi wa kukifungia bangili. Upande mwingine, kama mtoto amechanjwa mapema, mwili wake unaanza kutengeneza kinga inayoligundua ganda la kirusi na kulishika kabla halijafika mlangoni, na kuzuia vichache vilivyoingia visisambae seli hadi seli. Bangili ikishafungwa kwenye seli nyingi, chanjo haiwezi kuifungua. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009 linasema kila mtoto apate chanjo ya homa ya ini B mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa, ndani ya saa 24. Hata njiti hupewa.

Kwetu Tanzania, na kwa jirani zetu Kenya, watoto hupata kinga hii ndani ya chanjo ya Penta, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ni chanjo nzuri sana na imeokoa wengi, hasa dhidi ya maambukizi ya nyumbani mtoto anapoanza kutambaa na kucheza. Lakini kwa mtoto wa mama mwenye kirusi, wiki 6 ni siku 42 za kusubiri bila kinga. Katika nchi nyingi za Afrika dozi ya siku ya kuzaliwa haijamfikia kila mtoto. Wengine huchanganya: mtoto akichomwa sindano ya BCG begani na kupewa matone ya polio, mama anaamini ya ini imo. Haimo. Soma kadi, au mwambie nesi akusomee.

Mama mmoja aliniuliza kama kwa kumchanja mtoto tunampandikiza kirusi. Swali la haki kabisa. Chanjo hii ina ganda peke yake, protini moja iliyotengenezwa na hamira kwenye kiwanda. Ndani yake hamna bangili, nusu wala nzima. Hakuna kitu ambacho fundi wa mwili anaweza kukifunga.

Kuna la kufanya hata kabla ya uchungu. Mama mjamzito mwenye virusi vingi kwenye damu (kiwango kinachotumika ni 200,000 au zaidi kwa kila mililita) hupewa tenofovir kuanzia wiki ya 28 mpaka angalau anapojifungua, ili siku hiyo damu yake iwe na virusi vichache. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2024 unaruhusu, pale ambapo vipimo hivyo havipatikani, mama yeyote mjamzito mwenye HBsAg chanya afikiriwe kupewa. Muulize daktari wako mapema, maana wiki ya 28 hufika haraka. Mahali pengine mtoto huongezewa sindano ya kinga iliyotengenezwa tayari. Ikipatikana apewe, isipopatikana chanjo isicheleweshwe kwa kuisubiri.

Kunyonyesha nyonyesha. Maziwa yako hayamwambukizi. Chuchu zikipasuka na kutoa damu, tuone tukutibu na turekebishe namna anavyonyonya, ila usimwachishe kwa hofu ya ini. Wala huhitaji upasuaji kwa sababu hii peke yake.

Nyumbani

Nimemkuta mama aliyetengewa kikombe, sahani na kijiko na mawifi zake, na mtoto wake haruhusiwi kula na binamu zake. Alikuwa anakula jikoni peke yake. Naandika sehemu hii kwa ajili ya mawifi hao.

Homa ya ini B haiambukizwi kwa kula sahani moja, kukumbatiana, kupikiwa, kukohoa wala kukaa pamoja. Inapita kwenye damu, kwa kujamiiana bila kinga, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Damu yenyewe ni ndogo sana inayohitajika, na kirusi kinaweza kukaa hai nje ya mwili angalau siku 7, hata doa likiwa limekauka. Kwa hiyo cha kutenga si kikombe. Tenga wembe, mswaki, mashine ya kunyolea na kikatio cha kucha. Kidonda cha mtoto kifunikwe. Damu iliyodondoka ifutwe ukiwa na glavu au mfuko wa plastiki mkononi, kisha pasuguliwe kwa dawa ya klorini ya kufulia.

Na ile tabia ya kumpeleka mtoto akakatwe kimeo kwa sababu anakohoa, au kuchanjwa chale na wembe uliopita kwa wenzake watatu asubuhi hiyo, naomba iachwe. Kimeo hakileti kikohozi. Wembe ule unaweza kuleta kirusi cha maisha.

Baba wa mtoto apimwe, na watoto wakubwa wapimwe. Asiye nacho achanjwe, hata mtu mzima, dozi 3.

Kuna kirusi kingine, cha homa ya ini D, nitakitaja kidogo tu. Hicho nacho kina umbo la pekee: duara la RNA la herufi kama 1,700 lililojikunja na kujishika lenyewe mpaka likaonekana kama kijiti. Hakina uwezo wa kutengeneza ganda lake, kinaazima la B. Mwenye vyote viwili huumia haraka zaidi. Lakini asiye na B hawezi kupata D, hivyo chanjo moja inafunga milango miwili.

Siku ya kujifungua

Usisubiri uchungu. Ukiwa na mimba ya miezi 7, uliza kituo unachotarajia kujifungulia: "Mna chanjo ya homa ya ini ya mtoto mchanga?" Kama hawana, wakueleze hospitali gani ya wilaya au mkoa inayo, na panga safari na nauli kabla. Nimeona familia zikihangaika kuitafuta usiku, mama akiwa bado kitandani, na saa zinakwenda. Ni bora baba au mama mkwe ajue mapema pa kwenda.

Ukifika wodini, usidhani wamesoma kadi yako. Mwambie mkunga kwa mdomo wako: "Mimi HBsAg ni chanya. Naomba mwanangu apate chanjo ya ini leo." Kama unaona aibu mbele ya watu, mwonyeshe mstari huo kwenye kadi kwa kidole, ataelewa.

Ikitokea saa 24 zimepita kabla hujaipata, mpeleke hivyohivyo. Siku ya pili ni bora kuliko ya tano, na ya tano ni bora kuliko kungoja wiki ya 6. Kisha Penta zote tatu kwa tarehe zake, bila kuruka hata moja. Mtoto akifika kati ya miezi 9 na 12, mlete apimwe. Usimpime mapema zaidi ya hapo, kwa sababu kabla ya umri huo majibu yanaweza kuchanganya. Njoo na kadi yake na ya kwako.